Kilo za Zeituni

Jumatatu ya kwanza ya Julai, mwaka wa tisini na tisa, muuguzi Sista Pascalia alimpandisha mama mmoja kwenye mizani, akasoma, akasema moyoni kwamba mizani imeharibika. Na hakuwa na nafasi ya mizani kuharibika. Kliniki ya mradi pale Amalemba ilikuwa na watu sitini na wawili siku hiyo, wengine wamebanana barazani, wengine wamekalia nyasi za uani, na orodha ya majina ilitakiwa iende Nairobi Ijumaa. Akamshusha yule mama, akapanda mwenyewe. Mizani ikamwambia sabini na nne, hesabu ileile ya wiki iliyopita, haikumwonea wala haikumpendelea. Mizani ilikuwa nzima.

"Panda tena, Mama Abu," akasema.

Yule mama akapanda tena, polepole, akishika ukuta. Arobaini na tatu.

Pascalia akafungua kadi. Swafia, wa Matungu, miaka ishirini na tisa, mjane. Machi kilo hamsini na nane. Aprili hamsini na tisa. Mei sitini. Juni sitini na moja, na kando ya hiyo sitini na moja Pascalia mwenyewe alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, "Vizuri sana." Hakuna binadamu anayepoteza kilo kumi na nane kwa mwezi mmoja kisha akaja kliniki kwa miguu yake. Pascalia akainua macho kutoka kwenye kadi, akamtazama mama huyo usoni. Mashavu yameingia ndani, mtandio umefungwa vizuri, macho yameinama. Ulikuwa uso alioukumbuka kwa mbali, wa Januari labda, na hapo ndipo alipogundua kwamba tangu wakati huo hajauona tena.

Usimcheke bado. Kwanza ujue orodha ya Ijumaa ilikuwa ya nini.

Miaka ile ugonjwa ulikuwa umeingia kila boma la mkoa wa Western, na kila Jumamosi ilikuwa na mazishi yake. Dawa za kupunguza makali watu walizisikia redioni tu, na aliyetaka kuzinunua angeuza ng'ombe, kisha shamba, na bado zisingemfikisha mwaka. Halafu chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kikaleta mradi, na mradi ukapata dawa za watu kumi na wawili. Kumi na wawili, na wagonjwa kwenye daftari walikuwa mia mbili na kumi na wanne. Sasa nani achague? Daktari Kimutai, msimamizi wa kliniki, alikataa katakata. Alisema moyo wa mtu una jamaa, una kabila, una kanisa, na ukiwa na njaa huchagua vibaya zaidi. Basi kazi ikapewa kompyuta.

Kompyuta ilikaa chumba cha nyuma chini ya kitambaa cha kufuma, na mlezi wake alikuwa Bwana Were. Kila mwezi Were aliilisha kadi za wagonjwa: kilo, homa, utando mweupe mdomoni, hesabu ya seli za kinga kwenye damu, siku mtu alizokuja na siku alizokosa. Nayo ilijumlisha kwa fomula ya wataalamu, ikatabiri nani ataanguka kitandani kabla ya Krismasi, na nani akipewa dawa atainuka. Kisha ikawapanga mstari, wa kwanza hadi wa mia mbili na kumi na wanne. Wagonjwa waliiita ramli. "Ramli imesemaje leo?" waliulizana uani, wakicheka ili wasilie. Pascalia aliipenda mashine hiyo kuliko hata wenye chuo. Haikupokea ingokho, yaani kuku wa hongo, kutoka kwa mtu, wala haikuwa na shangazi Khwisero wa kuipigia magoti. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba iliamini inachoambiwa.

Naye Swafia, kwa hizo kilo zilizopanda kila mwezi, ilimweka wa arobaini na sita. Wa arobaini na sita katika dawa za watu kumi na wawili maana yake rudi nyumbani ukaombe Mungu.

Pascalia akafunga mlango wa chumba cha mizani.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Mimi ni Swafia."

"Na aliyekuja Juni?"

"Ni wifi yangu, Sista. Zeituni. Mama Hadijah, dadake marehemu mume wangu."

"Na Mei?"

"Ni yeye."

"Na Aprili, na Machi?"

"Sista, nilikuwa eda," Swafia akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa sababu iliyo wazi kwa kila mtu. "Mahmoud alituacha mwezi wa pili. Miezi minne na siku kumi sikuvuka ua wa nyumba."

Pascalia akaketi kwenye kiti cha mgonjwa. Alikuwa Mkatoliki wa Khwisero, na Waislamu wa upande wa Mumias aliwajua vile jirani anavyojua jirani: pilau ya Idd, salamu, mazishi ya harakaharaka. Eda alikuwa ameisikia, akadhani ni habari ya nguo na ya kutoolewa mapema. Hakujua kwamba mjane aliye eda hukaa ndani. Mwislamu yeyote angemwona mjane wa wiki tatu amesimama kwenye mizani Amalemba, angejiuliza kuna nini. Pascalia aliona mwanamke amefunika uso kwa nikabu, akafikiri ni vazi la msiba, akaona si adabu kumwambia mtu mwenye majonzi ajifunue. Miezi minne amempima mtu asiyemjua, na amefanya hivyo kwa heshima. Ndiyo maana jambo lenyewe lilimuuma vibaya, kwa sababu hata uvivu hakuwa nao wa kuulaumu.

"Lakini mtu wa eda akiumwa si anaruhusiwa kwenda hospitali?" akauliza. Hili alilibahatisha tu.

"Anaruhusiwa. Sheikh mwenyewe angesema nenda." Swafia akafunga na kufungua pindo la mtandio. "Lakini ningetoka na eda, Sista, watu wangeuliza ni ugonjwa gani huo usioweza kungoja. Mama mkwe hajui. Kijiji hakijui. Wanajua Mahmoud alikufa kwa kifua."

Mficha maradhi kifo humuumbua, Pascalia alikuwa akiwahubiria wagonjwa kila asubuhi. Methali ikamjia hadi ulimini, akaimeza. Si kila methali ni ya kumwambia mtu wa kilo arobaini na tatu.

Akamwita Zeituni ndani.

Zeituni aliingia na kicheko kidogo, akasema salaam aleikum, akafunua nikabu yake kabla hajaambiwa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, uso mpana, meno mazuri, mtu wa kusimama katikati ya sherehe akagawa chakula. Alipomwona wifi yake amejikunja kwenye kona, kicheko kikamwisha.

"Umemwambia," akasema.

"Mizani ndiyo imesema," Swafia akajibu.

"Mama Hadijah," Pascalia akasema, "mbona hukunieleza?"

"Nilikuja nikueleze, Sista. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu Matungu, na kadi nimeishika hivi mkononi. Mbele yangu kulikuwa na mzee mmoja amekuja kumchukulia bibi yake vidonge. Unakumbuka ulimwambia nini?"

Pascalia alikumbuka. Hiyo kanuni ilikuwa mpya mwezi huo, kwamba vidonge vya septrini, vile vya kuzuia maambukizi wakati wa kungoja, hapewi mtu ila mwenye kadi, kwa sababu kuna ndugu waliokuwa wakivichukua na kuviuza sokoni. Naye alikuwa ameitangaza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Ulimwambia, kama bibi hawezi kuja, basi na dawa haiwezi kwenda," Zeituni akasema. "Mzee akarudi na mikono mitupu. Halafu ukaita Swafia. Mdomo wangu ukaitika wenyewe."

"Na vidonge?"

"Hajakosa hata kimoja. Nilikuwa nampelekea siku ileile, nasimama hapo mpaka ameze. Muulize."

Swafia akatikisa kichwa kukubali. Pascalia akatazama ile kadi, na wino wake mwekundu, na akaona aibu ya kweli. Angeweza kuandika arobaini na tatu na kunyamaza. Alilifikiria hilo, na tusimsingizie utakatifu: alilifikiria kwa muda wa kutosha. Mkataba wake wa kazi ulikuwa unaisha Septemba, ana watoto wawili shule ya bweni, na muuguzi aliyepima mtu asiyejulikana miezi minne haongezewi mkataba. Lakini kule nyuma mashine ilikuwa na tabia ya kuuliza. Mwezi Machi, kilo ziliporuka kutoka hamsini za Februari hadi hamsini na nane, ilikuwa imeandika kwenye kioo chake, una hakika? Were akaja kumuuliza yeye, naye akamjibu kwa fahari, "Nina hakika, anakulanga vizuri, watu wa Matungu wanamtunza mjane wao." Mashine ilishuku. Binadamu ndiye aliyeituliza.

Akainuka. "Nisubirini hapa. Mama Hadijah, wewe keti barazani upate hewa."

Daktari Kimutai alimsikiliza akiwa amesimama, kalamu mkononi, na hakumkatiza. Alikuwa mtu mrefu mwenye hasira ya polepole. Pascalia alipomaliza, daktari akauliza swali moja tu, kwamba wangapi wengine.

"Sijui," Pascalia akasema. "Wanaofunika uso ni watano. Nitawaona wote kesho kabla ya kuwapima."

"Sista, hii orodha ni maisha ya watu."

"Najua, Daktari. Ndiyo maana nimekuja."

Daktari akaiweka kalamu chini. "Twende kwa Were."

Were alisikia kisa chote huku akikuna kidevu. Hakucheka, ingawa ni mtu wa mzaha. "Mashine haikukosea basi," akasema. "Ilikuwa inatabiri mtu mwingine." Akafuta Machi, akafuta Aprili, Mei na Juni, akaandika kilo arobaini na tatu za leo, homa ya leo, utando mdomoni wa leo. Akabonyeza. Mashine ikafikiri, ikaandika kwamba mgonjwa huyu ameshindwa kuhudhuria mara nne, na uwezekano wa kumeza dawa bila kukosa ni mdogo. Ikamshusha hadi wa themanini na tatu.

Pascalia hakuamini macho yake. "Mgonjwa aliyetuma mtu kutoka Matungu kila mwezi ili asikose kidonge, ndiye anayeitwa mkosaji?"

"Haina mahali pa kuandika hilo," Were akasema.

"Basi andika alikuja. Vidonge vilikuja vikaenda vikamezwa. Hilo si uongo."

Were akamtazama daktari. Daktari akaivuta fomu, akaisoma, akasema, "Swali la fomu linauliza kama mgonjwa alipata dawa yake ya mwezi. Alipata. Andika alipata, na karatasi ya maelezo nitaitia sahihi mimi." Were akaandika. Akashusha kidole kwenye safu ya mwisho, kisha kidole kikasimama.

"Na hii damu?" akauliza.

"Damu ipi?"

"Ya Mei. Maabara ya Kisumu ilituletea hesabu ya seli: mia mbili thelathini na moja. Hata mimi mwezi huo nilishangaa, nikasema mbona mwili unapanda na damu iko chini." Akageuka kwenye kiti. "Sista, Mei alikuja nani?"

Daktari Kimutai ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, kile ambacho wote watatu walikuwa wamekwisha kukijua. "Mtu mzima mwenye afya huwa na mia saba, mia nane, elfu. Mia mbili thelathini na moja si hesabu ya mtu mzima wa afya."

Dirishani kulionekana baraza. Zeituni alikuwa ameketi kwenye benchi kati ya akina mama wawili asiowajua, amemshika mtoto wa mmoja wao mapajani ili mamake apumzike, anamrusharusha, na mtoto anacheka. Pascalia alimtazama mpaka macho yakamwuma. Mkono ule ulionyoshwa Mei, yeye mwenyewe ndiye aliyeuchoma sindano. Alikumbuka hata maneno aliyomwambia, kwamba akikataa kutolewa damu kadi itafungwa.

Kazi ya kumwambia ikawa yake, na hakuna aliyemwambia iwe yake. Akamtoa barazani, akampeleka nyuma ya jiko la kliniki, palipokuwa na viti viwili na hakuna masikio. Akamweleza polepole, kwamba damu ile ya Mei haikuwa ya Swafia, na hesabu yake haikuwa nzuri, na hesabu peke yake haitoshi kusema lolote, lakini inafaa apimwe leo, kwa jina lake mwenyewe, kama yeye anataka. Akitaka kwenda nyumbani afikirie, aende.

"Mimi?" Zeituni akasema. "Sista, mimi nilikuja kumchukulia mtu dawa."

"Najua, dada."

"Mimi siumwi popote."

"Najua."

Zeituni akakaa akiangalia kuni zilizopangwa ukutani. Kisha akakunja mkono wa buibui lake, taratibu, mpaka juu ya kiwiko, akaunyosha mkono kama alivyounyosha Mei. Dakika ishirini wakangoja kipimo pamoja, na Pascalia, aliyekuwa amewapa majibu watu mia mbili na zaidi, aliomba kimoyomoyo kipimo kimuumbue, kiseme maabara ya Kisumu ilikosea. Kipimo hakikumsikiza. Mistari miwili ilitoka mapema, myeusi, haikuhitaji kuangaliwa mara ya pili.

Zeituni hakulia. Alishusha mkono wa buibui, akaufunga kifungo. Alitaja jina la mumewe, Farouk, dereva wa trekta la miwa, akasema huyo atamwambia mwenyewe, kwa siku atakayoichagua. Kisha akamshika Pascalia mkono.

"Swafia asijue kabla ya Ijumaa," akasema. "Akijua, atasema nafasi yake nipewe mimi. Ninamjua. Na kilo zake ni arobaini na tatu."

Damu ya Swafia ilitolewa mchana huohuo. Daktari Kimutai hakulingoja gari la maabara la Jumatano. Aliitia kwenye kisanduku cha barafu, akaendesha mwenyewe hadi Kisumu, akawaomba watu wa huko kwa maneno ambayo hakuyasimulia. Alhamisi saa tisa simu ililia. Seli sabini na nne. Were akaandika, akabonyeza, na mashine safari hii haikuuliza kitu. Swafia akapanda hadi wa tisa.

Aliyekuwa wa kumi na mbili akawa wa kumi na tatu. Alikuwa mkata miwa wa Butali, mtu mpole, na Pascalia alimjua vizuri. Jumatatu iliyofuata alimwambia ukweli bila kuuremba, akalia mbele yake, jambo ambalo wauguzi hukatazwa. Barua ya onyo nayo alipewa, akaitia sahihi. Mkataba daktari aliuongeza, akasema muuguzi aliyeshtaki kosa lake mwenyewe ni adimu kuliko dawa.

Na zile kilo za Machi hadi Juni, na ile damu ya Mei, Were hakuzitupa. Aliomba ruhusa ya Zeituni, akazifungulia kadi mpya yenye jina lake. Zilikuwa kumbukumbu sahihi za mtu mmoja, mwezi kwa mwezi, bila pengo. Mashine ikazipanga, ikamweka Zeituni wa arobaini na sita, palepale. Ilikuwa imemjua muda wote huo na kumhesabia haki yake, na haki yake haikutosha. Akapewa septrini, na tarehe ya kurudi, na ahadi kwamba mradi unaomba dawa zaidi. Pascalia aliitoa ahadi hiyo akijua haina miguu.

Dawa zilifika Agosti. Kanuni ilikuwa kila mmoja wa wale kumi na wawili aje na shahidi, mtu wa nyumbani atakayemwona akimeza asubuhi na jioni, siku zote za maisha yake. Swafia alikuja na Zeituni. Wakaketi sako kwa bako, na Pascalia akapanga chupa tatu juu ya meza, akaeleza ipi ya kula na chakula, ipi inaleta ndoto mbaya, ipi haitaki kucheleweshwa hata saa mbili. Swafia alisikiliza yote. Alikuwa amekwisha kuambiwa habari ya ile damu ya Mei. Pascalia alilijua hilo alipomwona tu namna alivyoketi akiushika mkono wa wifi yake.

"Sista," Swafia akasema, "hizi ni za mtu mmoja?"

"Za mtu mmoja."

"Nikila mimi za asubuhi, naye akala za jioni?"

Katika miaka yake yote ya kazi Pascalia hajapata kuulizwa swali gumu kama hilo, na jibu lake alikuwa nalo tayari, na ndilo lililomkera. Nyumba ile ya Matungu ilikuwa imegawana sahani, buibui, kadi, jina, mpaka na mwili wenyewe. Sasa inaambiwa hapa isigawane.

"Nusu ya dawa hii si dawa, Mama Abu," akasema. "Inamfundisha mdudu kuizoea. Mkigawana, haitawasaidia miezi sita. Itakukataa wewe, itamkataa yeye, na siku zake zikifika za kupewa, haitamfaa tena."

"Basi apewe yeye zote."

"Hapana," Zeituni akasema, kabla Pascalia hajafungua kinywa. "Mimi nina kilo sitini na mbili. Nitangoja."

"Utangoja mpaka lini?"

"Mpaka zije. Wewe kula."

Zeituni alichukua chupa ya kwanza mwenyewe, akatoa kidonge kimoja, akakiweka kwenye kiganja cha wifi yake. Akamshikia kikombe cha maji. Swafia akatia kidonge kinywani, akanywa, akafuta midomo kwa pindo la mtandio, akageukia dirisha. Pascalia akachukua kalamu aandike kwamba dozi ya kwanza imemezwa.

"Ngoja, Sista," Zeituni akasema. Akamshika Swafia kidevu kwa vidole viwili, akamgeuza uso. "Fungua."

Swafia akatikisa kichwa, midomo imefungwa, machozi yakimshuka.

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

Kidonge kilikuwa pale chini, kizima, kimeanza tu kulowa.

"Meza, Swafia," Zeituni akasema. "Meza, nakutazama."